Bolti Imegomea Wapi? Kufungua Mikono ya Mbele ya Hilux ya Zamani Bila Kuumiza Chesisi

Fundi akisema bolti ya mkono wa chini (chuma kinachounganisha gurudumu la mbele na chesisi) imegoma, muulize imegomea wapi. Kwenye Hilux ya Vigo (toleo la 2004 hadi 2015), nati ya bolti hiyo mara nyingi hutoka bila ugomvi mkubwa. Kinachogoma ni mwili wa bolti ndani ya kijibomba cha chuma kilichopo katikati ya bushi, yaani kile kipande cha mpira ambacho mkono huchezea. Maji ya chumvi hupenya kwenye mwanya mwembamba wa ncha zake, kutu inaota, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mwanya hujaa mpaka bolti na kijibomba vinakuwa kitu kimoja. Mafuta ya kupenyeza hayafiki huko kirahisi, maana kijibomba kimebanwa na masikio ya chesisi pande zote mbili. Ndiyo sababu mtu anaweza kumwaga kopo zima la mafuta kwenye nati, akapiga nyundo siku nzima, na bolti isisogee hata milimita moja.

Gari linaloshusha boti ufukweni Kilwa, Tanga, Mombasa au Unguja hufika kwenye hali hii mapema kuliko gari la Dodoma. Vivyo hivyo gari lililotumika Uingereza, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi. Kama hujui historia ya gari lako, chukulia kwamba bolti zimeshika na ujipange hivyo.

Mwongozo huu umeegemea Hilux ya Vigo, yenye mikono miwili kila upande na springi iliyovikwa kwenye shokapu. Pikapu nyingine za mpangilio huo hufunguliwa kwa mbinu zilezile. Hilux za zamani zaidi zenye tosheni ba zina hatua moja ya ziada, nayo imeelezwa mahali pake.

Amua kwanza unaokoa nini

Vipo vitu ambavyo lazima vibaki vizima: masikio ya chesisi yanayoshika mkono, zile kingo ndogo kwenye masikio hayo ambazo kamu ya bolti (washa yenye tundu lisilo katikati, ya kurekebishia alaimenti) huegemea, nako (kile chuma kizito kinachobeba habu), mpira wa breki, waya wa ABS na buti (mipira ya kukinga) za driveshafti. Sikio la chesisi likipinda au kupasuka, umehama kutoka kazi ya vipuri kwenda kazi ya kuchomelea na kunyoosha chesisi, na alaimenti inaweza isikae tena.

Vilivyobaki ni vya kufa: bolti, nati, washa, bushi, boljointi (kiungo cha mviringo kati ya mkono na nako), tairodi endi (kiungo cha ncha ya fimbo ya stelingi), linki za stablaiza (fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona). Usihangaike kuokoa bolti iliyoliwa na kutu. Fundi anayeihurumia bolti ndiye anayeishia kuvunja sikio la chesisi.

Kwa hiyo nunua kabla ya kufungua. Kwa pande zote mbili unahitaji seti 4 za bolti za kemba, ndizo zinazofunga mikono ya chini kwenye chesisi (kila seti ni bolti, washa yake ya kamu na nati), bushi 4 za mikono ya chini au mikono miwili iliyokamilika, na spliti pini mpya kwa kila nati ya taji (yenye mapengo ya kupitishia pini). Ongeza linki 2, tairodi endi 2 na boljointi kama za zamani zimelegea au buti zimepasuka. Ukipima gharama ya bushi, ya kuzitoa na ya presi, mara nyingi mkono mzima mpya unaokuja na bushi na boljointi ndani hautofautiani sana bei, na unakuokolea nusu siku. Mikono ya bei ya chini kabisa iepuke: bushi zake huchakaa haraka.

Vifaa

- Jeki ya tani 2 au zaidi, stendi mbili za tani 3, na magogo au mawe ya kuzuia magurudumu ya nyuma
- Soketi za pembe sita (za pembe kumi na mbili huteleza kwenye kichwa chenye kutu) na wenzo wa nusu inchi wenye bomba la mita moja la kuongezea
- Nyundo mbili, mojawapo ya kilo 2
- Pula ya boljointi na ya tairodi endi
- Grainda ya mkono ya milimita 115 au 125 na diski za kukatia za milimita 1
- Msumeno wa umeme unaokwenda mbele na nyuma, na meno (visu vyake vya kukatia) ya kabaidi yasiyopungua matatu
- Gesi ya kuchomea au tochi ya gesi, ndoo ya maji, mtungi wa kuzimia moto
- Keekee, tindo, tupa, brashi ya waya, miwani na glavu

Ukiwa na bunduki ya kufungulia nati (gani), ya hewa au ya betri, itumie. Mtikisiko wake huvunja kutu vizuri kuliko nguvu ya mkono inayovuta mfululizo, na bolti hukatika mara chache zaidi.

Siku mbili au tatu kabla

Safisha kila bolti kwa brashi ya waya mpaka uone nyuzi. Kutu ya juu ni kama sifongo: hunywa mafuta yote na kuyazuia yasiende ndani. Kisha nyunyiza asubuhi na jioni. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa asetoni na mafuta ya giaboksi ya otomatiki hufanya kazi nzuri, ila hujitenga, kwa hiyo utikise kila mara kabla ya kutumia. Uweke kwenye chupa ya kioo au kopo la bati, mbali na moto. Dizeli na mafuta ya taa ni afadhali ya kutokuwa na kitu.

Baada ya kunyunyiza, gonga kichwa cha bolti na nati mara kumi au kumi na tano kwa nyundo, kwa nguvu ya wastani. Kugonga huko ndiko kunakofungua njia za mafuta.

Kwenye bolti za kemba, legeza nati kidogo siku hiyo ya kwanza. Ukishaondoa mbano, sikio hujitenga na kijibomba kwa unywele tu, na hapo mafuta hupata mlango. Gari lisitembee barabarani likiwa katika hali hiyo.

Kuinua na kuweka alama

Nyanyua mbele yote, siyo upande mmoja. Ukiinua gurudumu moja tu, stablaiza hujisokota na linki zinakuwa na mzigo. Nati ikitoka, linki inaruka. Stendi ziwekwe chini ya reli za chesisi, nyuma ya mikono ya chini. Sukuma gari kwa bega kabla ya kuingia chini yake. Pikapu hii ina karibu tani mbili, na wewe utakuwa unapiga nyundo ya kilo 2 ukiwa chini yake.

Toa magurudumu. Sasa piga alama kwa tindo au rangi ya mafuta: kwenye kila kamu kuna mistari ya kupimia, na mstari mmoja unaelekeana na alama ya sikio. Hesabu, andika, piga picha. Bila alama hizo gari litafika kwenye mashine ya alaimenti magurudumu yakiwa yametazamana au yamepeana mgongo.

Mpangilio wa kufungua

Anza na kalipa (kibanio cha pedi za breki). Itundike kwa waya kwenye springi au mkono wa juu, isining'inie kwa mpira wake. Fungua waya wa ABS kwenye vishikizo vyake. Zifuate linki. Pini ya linki ikizunguka pamoja na nati, shika ncha yake kwa spana ya alini kama kuna tundu. Kama tundu limeliwa, usipoteze muda, kata kwa grainda.

Tairodi endi ina mambo mawili tofauti: koni (pini iliyochongoka) iliyokazwa kwenye mkono wa nako, na nyuzi zilizoshika kwenye fimbo ya stelingi. Legeza nati ya kufungia wakati koni bado imefungwa kwenye nako, kwa kuwa nako inakushikia kazi. Kisha rudisha nati ya koni mpaka ilingane na ncha ya pini, weka pula, kaza mpaka iwe na mvutano, halafu piga nyundo ubavuni mwa jicho la nako. Nyundo ya pili iwe imeegemezwa upande wa pili. Jicho hujiminya kidogo kuwa yai, na koni inaruka kwa mlio mkali. Kupiga ncha ya pini kutoka chini huiponda tu. Uma wa kuingiza kati hufanya kazi pia, lakini huchana buti, kwa hiyo utumie pale tu kipuri kinapotupwa. Wakati wa kuizungusha tairodi endi itoke, hesabu mizunguko, na ile mpya iingie kwa idadi hiyohiyo.

Boljointi ya chini hufunguliwa kwa mbinu ileile ya pula na nyundo mbili. Tofauti ni mzigo: weka jeki chini ya mkono wa chini kabla ya kuachia, na nati ibaki na nyuzi tatu nne ili vitu visiruke. Kuna nyakati nati huzunguka na pini yake. Hapo koni imelegea huku nati ndiyo imeshika. Isukume koni irudi kwenye tundu lake kwa mtaimbo au kwa jeki, kulingana na upande inaoingilia, na pini itasimama.

Toa bolti ya chini ya shokapu. Nayo hushika kwenye kijibomba cha bushi yake kama zile za kemba, na hutibiwa vilevile, isipokuwa jambo moja: moto usiguse shokapu kamwe. Ndani kuna mafuta na gesi iliyoshindiliwa, na inaweza kupasuka. Pia nati ya katikati juu ya shokapu usiiguse. Ndiyo inayoishikilia springi isifyatuke. Shokapu ikibidi itoke, fungua nati ndogo za pembeni zinazofunga kikombe chake kwenye chesisi.

Nako ibaki imening'inia kwenye mkono wa juu, imefungwa kwa waya nene. Kwenye 4x4 usiiache ivutwe nje, driveshafti ya ndani inaweza kuchomoka.

Kama gari lina tosheni ba

Hilux nyingi za miaka ya 1980 na 1990 zenye magurudumu ya mbele yanayojitegemea hazina springi ya duara mbele. Zina fimbo ndefu ya chuma iliyosokotwa. Fimbo hiyo ina nguvu ya kuvunja mkono wa mtu hata gari likiwa hewani. Kabla ya kugusa boljointi, nenda nyuma ya fimbo, pima kwa rula urefu wa bolti ya kurekebishia iliyojitokeza, uandike, kisha ilegeze taratibu mpaka mvutano uishe. Piga alama za rangi kwenye fimbo na kwenye vishikio vyake vya mbele na nyuma ili meno yarudi palepale. Fimbo ya kulia na ya kushoto hazibadilishani. Meno yakishika, pasha moto kishikio, siyo fimbo: fimbo iliyochomwa hupoteza ugumu wake.

Bolti za kemba

Toa nati na kamu yake. Vika soketi kwenye kichwa cha bolti, uvute taratibu, na utazame kwa makini.

Ikizunguka huru, una bahati. Rudisha nati mpaka ilingane na ncha ya bolti ili nyuzi zisipondeke, gonga, kisha malizia kwa tindo butu au chuma cha mviringo chembamba kuliko bolti.

Ikisogea digrii kumi au kumi na tano halafu ikarudi yenyewe ukiiachia, bolti imeshika kijibomba na unachokizungusha ni mpira wa bushi. Hapa watu wengi huongeza bomba kwenye wenzo. Matokeo yake mpira huchanika, bolti inazunguka pamoja na kijibomba, na mtu anadhani ameshinda. Hajashinda: kijibomba ni kipana kuliko tundu la sikio, kwa hiyo bolti haiwezi kutoka nacho. Ukiendelea kupiga nyundo, nguvu yote inakwenda kwenye sikio la chesisi.

Jaribu mambo mawili, siyo zaidi. La kwanza ni nyundo ya hewa yenye ncha ya duara, kwa dakika tano hivi kwenye ncha ya bolti, huku mwenzako akiizungusha mbele na nyuma. La pili ni moto. Chuma chenye tundu la milimita 14 kikipashwa nyuzi joto 300 zaidi, tundu hupanuka takriban milimita 0.05. Hicho kidogo kinatosha kuvunja kutu, ila tu kama bolti iliyo ndani bado ni ya baridi. Maana yake joto lazima liwe kali, la haraka, lielekezwe kwenye sehemu ya kijibomba inayoonekana, kisha piga papo hapo. Ukipasha polepole, vyote viwili hupanuka pamoja na hujapata kitu.

Mpira wa bushi utawaka na kutoa moshi mzito mweusi. Fanya nje, maji yawe karibu, mpira wa breki na mirija ya mafuta ikingwe kwa bati. Usipashe moto wala kuchomelea mahali uliponyunyizia sprei ya kusafishia breki: baadhi zina klorini, na joto huzigeuza kuwa gesi ya sumu kali. Asetoni nayo iachwe ikauke kabisa kwanza.

Ikigoma baada ya hapo, kata. Kwa gari la pwani lenye miaka kumi na zaidi, pengine ni busara kuanza na kukata moja kwa moja.

Kukata

Kila bolti hukatwa mara mbili, kati ya bushi na sikio, pande zote. Mkono mmoja una bolti mbili, kwa hiyo mikato minne. Tazama ubavu wa bushi: kijibomba hujitokeza milimita chache nje ya mpira kabla ya kugusa sikio. Jino la msumeno lipite hapo, likiegemea upande wa bushi.

Utakuwa unakata kijibomba na bolti kwa pamoja, na bolti hii ni ngumu. Jino la kawaida hulainika baada ya dakika chache, ndiyo maana tunasema kabaidi. Mwendo uwe wa polepole, kishikizo kikandamizwe vizuri, matone ya mafuta kila baada ya nusu dakika. Msumeno ukiwa na kasi kubwa, jino huwa jekundu na kufa. Mkato mmoja unaweza kuchukua dakika tano au ishirini.

Bila msumeno wa umeme, grainda yenye diski ya milimita 1 inaweza, ila nafasi ni finyu na diski inayobanwa hupasuka. Kata mpira wa bushi kwanza kwa kisu ili upate nafasi, ondoa kinga yoyote ya plastiki iliyo karibu, vaa miwani, na simama pembeni mwa mstari wa diski. Kwa upande wa sikio lisilofikika, msumeno wa mkono wenye meno 24 kwa inchi, ukiwa umefungwa kitambaa ncha moja, humaliza kazi kwa subira.

Mkono ukidondoka, vipande viwili vya bolti hubaki masikioni na hutoka kwa vidole au kwa kugongwa kidogo. Mchubuko usiozidi nusu milimita kwenye sikio upigwe tupa na rangi. Kingo za kamu zilizopinda zinyooshwe sasa, maana bila hizo kamu haina cha kuegemea.

Bolti iliyokatikia ndani ya nako

Hili hutokea kwenye bolti zinazofungwa moja kwa moja kwenye chuma, kama za kalipa. Kama kisiki kimejitokeza, weka washa juu yake, weka nati juu ya washa, chomelea ndani ya nati, subiri wekundu uishe, kisha zungusha mbele na nyuma. Joto la kuchomelea ndilo linalofanya kazi kubwa. Toa waya za betri kwanza, na bana waya wa ardhi kwenye nako yenyewe, karibu na unapochomelea, umeme usipitie kwenye bearingi ya gurudumu.

Kisiki kikiwa kimezama, piga senta katikati kabisa, toboa milimita 3, kisha 5, kisha ongeza. Kwa uzi wa M10 wa hatua 1.25, tundu la mwisho kabla ya kupitisha tapu (kifaa cha kukatia nyuzi) ni milimita 8.8, kwa M12 wa hatua hiyohiyo ni 10.8. Vile vifaa vya kutolea bolti vilivyokatika, vya nyuzi za kushoto, tunavikwepa kwenye bolti zenye kutu nzito. Vikikatikia ndani, chuma chake ni kigumu kuliko keekee zako zote.

Kurudisha

Safisha matundu ya masikio kwa tupa ya mviringo. Paka grisi ya shaba au ya kuzuia kushika kwenye mwili wa bolti, sehemu yote inayokaa ndani ya kijibomba, na nyuma ya kamu. Nyuzi ziache kavu, kwa sababu grisi kwenye nyuzi hufanya namba ya torki (nguvu ya kukazia) ya kitabu imaanishe mbano mkubwa kuliko uliokusudiwa. Koni za boljointi na tairodi endi zisiguswe na grisi hata kidogo.

Kama unapiga bushi mpya kwenye mkono wa zamani, bomba la nje la bushi likatwe kwa msumeno wa mkono kwa urefu wake, ukiacha unyoya wa chuma usije ukachana jicho la mkono, kisha likunjwe kwa tindo. Bushi mpya iingie kwa presi au jiliwa kubwa, ikisukumwa kwenye bomba la nje, kamwe siyo kwenye kijibomba cha kati. Tumia maji ya sabuni. Mafuta huula mpira.

Rudisha kamu kwenye alama zako, nati zikazwe kwa mkono tu. Funga boljointi na tairodi endi kwa torki ya kitabu cha gari. Tundu la spliti pini lisipoelekea pengo la taji, kaza zaidi mpaka lifike pengo linalofuata. Kurudisha nyuma hairuhusiwi.

Nati za kemba hazikazwi gari likiwa hewani. Bushi za mpira zimegandishwa kwenye chuma pande zote. Ukizikaza mkono ukiwa umening'inia, gari likishuka mpira hubaki umesokotwa wakati wote na kuchanika mapema. Shusha gari kwenye magurudumu yake, lidundishe upande wa mbele mara kadhaa, lisogeze mbele na nyuma mita chache, ndipo ukaze kwa torki ya kitabu ukiwa umelala chini au kwenye shimo la gereji. Bolti ya chini ya shokapu nayo ni vilevile.

Kanyaga breki mara kadhaa kabla ya kuondoka ili pedi zirudi kwenye disiki. Nenda alaimenti polepole siku hiyohiyo. Fundi wa mashine akimaliza, piga mstari wa rangi unaopita kutoka nati ya kemba hadi kwenye sikio, kwa zote nne, na upake nta au grisi nene juu ya kila ncha. Baada ya kilomita 100 hivi, chungulia mistari hiyo. Iliyohama nati yake imelegea, na gari linarudi kwenye mashine.